Ndege Nane za Mwamu Wangu

Mwamu wangu, yaani mume wa dada yangu, alifariki akiacha ndege nane za kivita, na nashukuru Mungu hakuna hata moja iliyohitaji mahali pa kuegeshwa. Zote zilikaa ndani ya kompyuta, katika chumba chao cha kulala huko Changamwe, baina ya kabati la nguo na cherehani. Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa kuzigawa. Nimesoma elimu ya mirathi tangu ujana wangu. Nimegawa mashamba, nyumba, minazi, mbuzi, na mara moja nusu ya kisima. Ndege za kivita zilikuwa za kwanza.

Mwamu alifanya kazi moja maisha yake yote: kujaza mafuta ndege pale uwanjani, si mbali na kwake. Ndege zilikuja na kiu, yeye akazinywesha, zikaenda Ulaya, na yeye akaenda nyumbani kwa miguu. Alipanda ndege mara moja tu, tulipokwenda Hija pamoja. Mimi nilipewa kiti cha dirishani, yeye akakaa kati. Nilimshukuru Mola kwa neema ya dirisha, kisha nikalala mpaka Jeddah. Nilipoamka nilimkuta amenyoosha shingo juu ya tumbo langu, anatazama bawa. Hakuniomba tubadilishane viti. Wala mimi, mja niliyekuwa njiani kwenda kusamehewa madhambi yangu, sikupata wazo hilo.

Alipostaafu, mwanawe mdogo alimletea kompyuta, akamtilia mchezo wa kurusha ndege za kivita. Mchezo wenyewe ni wa bure, na hapo ndipo ukarimu wa wenyewe ulipoishia. Ukishaingia ndipo unaambiwa kuwa ndege unayoitaka ni nyongeza, na nyongeza hulipiwa. Jangwa la kuruka juu yake ni nyongeza. Manowari ya kutua juu yake ni nyongeza. Hata vita vyenyewe, vikiwa vimepangwa vizuri vyenye mwanzo na mwisho, ni nyongeza. Nilimuuliza mwamu kama na mawingu yanauzwa. Akanijibu kwa upole wake kuwa mawingu waliyatengeneza upya mwaka uliopita na hawakutoza kitu. Nikawaombea dua.

Kila Ijumaa, baada ya swala, nilitoka kwangu Kisauni nikaenda kula kwa dada yangu. Dada hupika wali wa nazi ambao peke yake unatosha kumfanya mtu avuke mji mzima. Nilikuwa nikila, kisha nikimhubiria mumewe. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu ya wali.

"Haya, rubani," nilimwambia Ijumaa moja, "safari hii umenunua nini? Upepo?"

"Helikopta, mwamu."

"Mashallah. Na mlango wake unauzwa mbali?"

"Mlango unakuja nayo."

"Basi wamekuonea huruma. Na ukifa, utaiacha kwa nani helikopta yako?"

Mwamu alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyezoea kelele za injini, cha sauti ya juu bila sababu. Dada yangu alinisogezea bakuli la mchuzi wa samaki.

"Kula, kaka. Wali unapoa."

Naomba ieleweke kuwa sikumchukia mtu huyu. Nilimpenda. Lakini mimi ni mtu niliyelelewa kwenye vitabu, na kilinikera kitu kimoja: alinunua ndege za kupigana, na hakupigana. Alizibebesha mabomu, kwa kuwa ndege isiyo na mzigo, alisema, haikai sawa hewani. Akaruka nayo juu ya jangwa la kununua, akatazama milima, akarudi, akatua, na mabomu yote salama salimini chini ya bawa. Maadui wa mchezo walikuwa wakimpiga risasi kwa bidii, nao wamelipiwa kwa kazi hiyo, na yeye akiwapisha kama mtu anayepisha mwenye mkokoteni.

"Sasa si ungenunua ndege ya abiria?" nilimuuliza.

"Za kivita zina madirisha makubwa," akasema.

Nikaomba chai.

Jambo jingine la nyumba ile lilinichekesha. Mwamu hakuweza kuirusha ndege peke yake. Kuwasha injini ya ndege moja ya vita huhitaji hatua arubaini na kitu, na macho yake yalikuwa yameshakwisha: akivaa miwani anaona daftari lakini kioo cha kompyuta kinamkimbia, akiivua anaona kioo na daftari linapotea. Kwa hiyo dada yangu alikaa kwenye kigoda cha cherehani na kumsomea. Alikuwa amezinakili hatua zote katika daftari la shule, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa madrasa ulionyooka, kila ndege na kurasa zake.

"Betri."

"Imewaka."

"Pampu ya mafuta, kushoto."

"Imewaka."

"Pampu ya mafuta, kulia."

"Imewaka, mke wangu."

Walikuwa kama watu wanaosoma maulidi, mmoja anaanza na mwenziwe anaitikia. Wangeweza kuendelea hivyo robo saa nzima kabla ya kitu chochote kusogea. Mimi nikikaa kitandani nyuma yao, na chai yangu, nikawauliza kama kuna hatua ya kupiga bismillahi, au nayo ni nyongeza.

"Ya kwanza kabisa," dada akasema bila kugeuka. "Kabla ya betri. Wewe ulikuwa ukizungumza."

Mwamu alifariki mchana wa siku ya Jumatano, kwa presha, akiwa amekaa barazani. Tukamzika kabla ya magharibi. Dada yangu akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani bila ya dharura, asijipambe, asijitie manukato. Aliipokea kama alivyopokea kila kitu, kimya, na kanga mbili nyeupe.

Wiki ya tatu akaniita. Nikadhani anataka kusomewa dua.

"Kaka, nina suali la dini."

"Uliza."

"Mwenye eda hatoki nyumbani."

"Hatoki."

"Na akiruka?"

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini hakuwa akinitania.

"Akiruka namna gani?"

"Mwili uko hapa kwenye kiti. Ndege iko jangwani. Kinachotoka ni nini?"

Nilikwenda nyumbani nikafungua vitabu. Wanazuoni wetu, Mungu awarehemu wote, wameandika kuhusu mwenye eda anayetoka kwenda kwa kadhi, anayekwenda kuteka maji, ambaye nyumba yake imeingia moto. Hakuna aliyemfikiria mjane anayeruka mara mbili ya kasi ya sauti. Nilimrudia na jibu: mwili ukikaa nyumbani, mtu yuko nyumbani. Akauliza kama vile visikizio vya kichwani ni pambo. Nikamwambia niliviona, na hakuna mwanamke duniani aliyewahi kupendeza kwavyo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilirudi Kisauni nikijiona mufti mkubwa.

Baada ya arubaini tukakaa kugawa mirathi. Mwamu aliacha mjane na watoto wawili wa kiume, wa mke wake wa kwanza aliyetangulia mbele ya haki zamani. Mkubwa ana duka la vifaa vya umeme Kisauni, mtu wa haraka, anayejua bei ya kila kitu. Mdogo, yule aliyeleta kompyuta, anafanya kazi ya ofisi Nyali. Sote ni maharimu wa dada yangu, watu asioweza kuolewa nao, basi naye alikaa nasi, upande wa mlangoni.

"Shikamoo, mjomba," wakaniambia, kwa kuwa wamenizoea hivyo.

"Marahaba. Tuanze kwa jina la Mungu."

Kiwanja cha Likoni hakikusumbua. Pikipiki haikusumbua. Nyumba yenyewe ni ya marehemu baba yetu, mimi na dada, haikuhusika. Mjane, marehemu akiwa na watoto, ana thumni, sehemu moja katika nane, na zilizobaki ni za watoto wa kiume. Nikamuuliza dada yangu kama ana kitu maalumu anachotaka kiingie katika fungu lake.

"Kompyuta na vilivyomo," akasema. "Sitaki kingine."

Kijana mkubwa akakohoa.

"Mamdogo, kompyuta hatukatai. Ila vilivyomo ni mali."

"Mali gani?" nikamuuliza.

"Ndege, mjomba. Ziko nane. Nimetazama bei zake mtandaoni." Alikaa wima alipotamka neno bei. "Na jangwa. Na ile meli. Kuna watu Nairobi wananunua akaunti nzima, ikiwa na vitu vyake vyote. Tuuze, tugawe. Mamdogo apate thumni yake kwa haki."

"Ndege nane," mdogo wake akasema, akijaribu kutocheka. "Thumni yake ni ndege moja kamili. Hesabu haijawahi kutoka safi hivi."

"Sasa moja atairukaje na akaunti imeuzwa?" nikauliza.

"Ndiyo nasema apewe pesa."

Dada yangu alikuwa akilitazama lile daftari la shule mapajani mwake, na nikaelewa kuwa kiwanja, pikipiki na nyumba vingeungua vyote asiinuke, lakini akinyang'anywa kile kiti na kile kigoda hatakuwa na pa kukaa na mumewe.

Mimi nikaomba wiki moja. Mtu wa dini hahukumu kabla ya kusoma. Nikamwambia yule mdogo anipigie chapa masharti ya wenye mchezo, yale ambayo kila mtu huyakubali kwa kubonyeza. Akaniletea karatasi unene wa juzuu. "Hakuna anayeyasoma haya, mjomba," akasema. Nadhani ni kweli. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza tangu kuumbwa mchezo ule aliyekaa chini baada ya alasiri, na kalamu nyekundu na kamusi ya Kiingereza, akayasoma kuanzia kichwa mpaka saini. Nilifundishwa kusoma hati za watu waliokufa zamani. Hizi zilikuwa za watu walio hai, na zilikuwa na hila zaidi.

Nikapata nilichokitaka. Ijumaa iliyofuata niliingia Changamwe nikiwa nimevaa kanzu ya Idi.

"Marehemu hakuwa na ndege," niliwatangazia. "Hata moja. Masharti yasema wazi: anayelipa hanunui ndege, analipia ruhusa ya kuitumia. Ruhusa ni yake mwenyewe, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Haya ndiyo niliyomwambia marehemu miaka yote, Mungu amrehemu: ananunua hewa. Sasa hewa hairithiwi. Ndege hazimo katika mirathi. Kompyuta ni thumni ya mjane, na mambo yamekwisha."

Nilijiegemeza. Nakiri nilisubiri kusifiwa.

Kijana mkubwa si mjinga. Muuza duka hawi mjinga.

"Taib, mjomba. Nimekubali. Ruhusa ilikuwa ya baba?"

"Ya baba yako."

"Na hairithiwi?"

"Hairithiwi."

"Basi imekufa naye. Na mamdogo amekuwa akitumia ruhusa ya nani wiki zote hizi?"

Wallahi, nilihisi kanzu ya Idi ikinibana shingoni. Miaka hamsini ya kusoma, na nimefungwa na mwenye duka la soketi kwa maswali matatu. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimejenga ukuta kuwazuia wao, na dada yangu alikuwa upande ule ule wa ukuta. Ningeweza kunyamaza. Kuna watu wangenyamaza. Nikageuka nikamwambia dada yangu ukweli: kwa hati hii, naye hana ruhusa, na mja hatumii kitu bila ya idhini ya mwenyewe.

Dada akafunga daftari.

"Kaka, hapo pameandikwa mwenye akaunti ni nani?"

"Mtu aliyejiandikisha kwa jina lake."

"Haya."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na simu yake. Sasa, jambo hili lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, nami sikuliona. Mwamu hakuwahi kuwa na simu ya maana. Alikuwa na kile kisimu cha vifungo, cha kupigia na kumulika. Hakuwa na barua pepe. Mtu asiyekuwa na barua pepe hajiandikishi popote.

Dada akanipa simu. Nikavaa miwani. Jina la akaunti lilikuwa lake. Nikashuka chini, ujumbe baada ya ujumbe: asante kwa kununua, asante kwa kununua. Ndege nane, jangwa moja, manowari moja. Zote kwa jina lake, zote zimelipwa kwa simu yake, na karibu kila moja imenunuliwa siku mbili tatu kabla ya Idi.

"Nilikuwa nikimpa za Idi," dada akasema. "Kwa pesa za achari."

Dada yangu hutengeneza achari ya ndimu, na nusu ya Changamwe huinunua. Nami niliila kila Ijumaa, juu ya ule wali, nikimcheka mumewe kwa kupoteza pesa.

Kijana mdogo alichukua simu, akaangalia, akamwonyesha kaka yake. Mkubwa akajaribu mara ya mwisho, maana biashara ni biashara.

"Lakini ukimpa mtu zawadi, mamdogo, imekuwa yake."

Hapo nilirejewa na sauti.

"Haitolewi zawadi," nikasema, nikapiga kidole kwenye karatasi, penye wino mwekundu. "Hiba isiyoweza kutolewa haikutimia. Marehemu alikuwa mtu wa nyumbani kwake, akiruka kwa ruhusa ya mkewe. Ndege zilikuwa za mkewe na ni za mkewe."

Mkubwa akatikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, na kicheko kilikuwa cha baba yake hasa, cha sauti ya juu bila sababu.

"Kumbe tulikuwa tunarithi zawadi za mamdogo. Tusamehe, mamdogo."

"Nimewasameheni. Kaeni mle."

Wakala, wakaaga, wakaondoka. Mimi nikabaki na kanzu yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza dada. "Miaka yote namsema yeye."

Alikuwa akikusanya sahani.

"Ulikuwa ukifurahi sana, kaka. Nilitaka kukwambia, yeye akakataa. Akasema, mwache, ametoka mbali, naye ana hilo tu la kutuchekesha."

Nimesikia mawaidha mengi maishani, na mengi nimeyatoa mwenyewe kwa sauti ya kutosha. Hayo yalikuwa mafupi kuliko yote, na yalitolewa na mtu aliyekwisha kuzikwa. Nilimwomba dada msamaha. Akaniambia msamaha utatoka, ila una kazi yake: macho yake nayo yamefika yalipofika ya mumewe, na hana wa kumsomea.

Kwa hiyo mzee aliyeulizwa masuala ya dini kutoka Kisauni mpaka Likoni akakaa kwenye kigoda cha cherehani, na daftari la shule mkononi, kwenye kurasa za helikopta. Dada akavaa visikizio. Nikaanza kwa bismillahi, nikiwa nimejifunza, nikaendelea na betri. Imewaka. Pampu ya kushoto. Imewaka. Nilikuwa nasoma vizuri, kwa makhraji, kila herufi mahali pake, na nilipofika ukurasa wa pili nikaona nimeshauelewa mtindo. Kulikuwa na mstari mmoja nikauruka. Nilidhani ni mzaha wao wa zamani wa kunicheka, kwa jinsi ulivyoandikwa: *mlango, funga*.

Tukapaa. Dada yangu, mwanamke wa tasbihi, hana subira ya mumewe. Kabla hatujafika milimani alikuwa ameshamfuata adui mmoja wa mchezo. Akaikunja ile helikopta kwa nguvu, upepo ukavuma vibaya mpaka ndani, sauti ikageuka, jangwa likaja kwenye kioo kutoka upande usiostahiki, na tukaanguka na mabomu yetu yote.

Dada akavua visikizio, akalivuta daftari kutoka mikononi mwangu, akaufuata ukurasa kwa kidole mpaka kwenye ule mstari.

"Kaka," akasema, "mlango unakuja nayo. Ila lazima uusome."

Akanirudishia daftari, na tukaanza tena kwenye betri.